Shikamoo za Miaka Minne

Unyambwa,
Singida.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Yasinta,

Salamu nyingi zikufikie huko Sumbawanga, wewe na shemeji Benson na Lucy wetu. Natumaini mnaendelea vizuri na kile kifua cha Lucy kimetulia. Kama bado anakohoa mpeleke hospitali akapimwe, usimtibu sebuleni eti kwa sababu wewe ni nesi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anatoka nje kuota jua. Mkono wake wa kulia bado hauna nguvu lakini mdomo unazo za kutosha. Juzi alimfukuza muuza dagaa kwa maneno matatu tu na sijamuona tena kupita hapa.

Usishangae kupata barua ya karatasi mwaka huu. Simu yako inashikwa na nyumba nzima. Ujumbe wangu ukifika unasomwa na shemeji, unasomwa na Lucy, na mara ile ya jino langu ulisomwa hadi na jirani yako, akanipigia kunipa pole. Habari niliyonayo leo ni yako peke yako. Nitaituma kwa basi, nikikupigia uifuate stendi mwenyewe.

Nianze na kitabu ulichonitumia. Nimekipata, nimekisoma, na ni cha hovyo.

Uliandika kwenye kile kikaratasi kwamba nitacheka na kwamba nitajiona humo ndani. Kujiona humo! Nijione nani, yule Noela? Mwanamke ana miaka thelathini na tisa, ana duka lake la keki za harusi, ana gari, ana nyumba ya ghorofa yenye kuona bahari, na tangu ukurasa wa kwanza analia kwamba amechelewa kupendwa. Thelathini na tisa! Mimi kwa umri huo nilikuwa nafungua bolti za mashine ya alizeti kwa spana namba kumi na tisa, na kulia kwenyewe sikuwa na nafasi nako. Anamlilia rafiki yake, anamlilia paka wake, ukurasa wa hamsini na mbili anakililia kinyunya cha unga.

Na huyo mwanaume wake, Dikson. Eti daktari wa mifugo. Nimesoma kurasa mia mbili sitini na nne na hajagusa hata mbuzi mmoja. Kazi yake ni kusimama mlangoni akiwa amekunja mikono ya shati. Wanagombania sehemu ya kuegesha gari, wanachukiana, halafu anatumbukia kwenye bwawa la kuogelea na keki ya harusi ya watu mkononi, keki ya ghorofa nne. Yeye anaibuka majini na krimu kichwani na hapo ndipo Noela anatambua kwamba huyu ndiye. Bibi harusi wa watu amekosa keki na hakuna anayemuuliza chochote.

Hawali, Yasinta. Wanakunywa kahawa. Nimehesabu vikombe thelathini na kimoja, na hakuna aliyesonga ugali wala kuchambua mlenda. Watu wazima wanapendana kwa kahawa tupu mpaka wanaoana.

Mama ndiye aliyenimaliza. Nilikuwa namsomea jioni, namgeuzia kwa Kinyaturu pale Kiswahili cha Dar kinapomzidi. Alisikiliza sura tano akiwa ametulia, nikadhani amesinzia. Mara akauliza, "Hawa watu hawana wazazi?" Nikamwambia wanao, ila mwandishi hajawataja. Akaongeza, "Na mbona hawasalimiani?"

Nikataka kumjibu kwamba wanasalimiana, nikakosa pa kumwonyesha. Basi nikakirudia kitabu kizima kutafuta salamu. Noela anaingia ofisini, anaanza kufoka. Dikson anaingia kwa rafiki wa Noela, anaulizia maegesho. Kuna salamu moja tu, ukurasa wa mia mbili na tatu, mlinzi wa geti anasema "Shikamoo madamu", na Noela hamwitikii kwa sababu anafikiria mapenzi. Nilikifunga nikakiweka chini ya mto kwa hasira.

Najua unacheka sasa. Unasema, kama ni cha hovyo, mbona dada amekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma nione kilivyo, ya pili ni Mama alitaka, na ya tatu ni hiyo ya salamu. Haya, na pale kwenye bwawa nilicheka, sikufichi. Nilikuwa kazini, kitabu nimekificha kwenye mfuko wa mashudu ya alizeti, mashine inakamua. Nilicheka nikasahau kulisha mbegu, mkanda ukaruka, na Magdalena akaja mbio akidhani nimekatika kidole. Magdalena ni yule tunayefanya naye kazi, wa kwaya, mwenye sauti. Akakuta dada mtu mzima anafuta machozi na kitabu cha pinki mkononi. Siku ya pili yake akakiiba, akakaa nacho siku mbili, akakirudisha kina mafuta ukurasa hadi ukurasa. Ndiyo maana ukikiona kinanukia alizeti.

Sasa nije kwenye lenyewe, maana najua umeshaanza kuruka mistari.

Kuna mtu anaitwa Hezekia. Ni mfugaji wa kuku huko Mkiwa, mkewe alifariki miaka sita iliyopita, ana watoto wawili wakubwa wanaojitegemea. Kila Jumatano anakuja na pikapu yake kuleta kuku mjini, na akirudi anapita hapa mashineni kwetu kuchukua mashudu ya kuchanganyia chakula cha kuku. Hivyo tu. Miaka minne sasa.

Siku ya kwanza alipokuja nilimuona kichwa cheupe chote, hana hata unywele mmoja mweusi, nikaona mzee huyu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea. Toka hapo kila Jumatano ni shikamoo, marahaba, mashudu yapo, gunia ngapi, asante, safari njema. Na wewe unajua kwetu, mtu unayemwamkia huwezi kumkagua. Macho yako yanaishia kwenye kola ya shati. Mimi kwa miaka minne sikujua hata ana macho ya namna gani.

Mwezi uliopita alikuja na fomu ya kujiunga na kikundi cha wafugaji. Akasema amesahau miwani nyumbani, naomba unijazie mama. Nikachukua kalamu. Jina, kijiji, idadi ya kuku. Akanipa kitambulisho ninakili namba. Na wewe unajua namba ya NIDA inavyoanza, na mwaka wa kuzaliwa. Nikaandika moja, tisa, nane, sifuri, kisha kalamu ikasimama. Elfu moja mia tisa themanini! Mimi ni wa sabini na saba!

Yasinta, nimemwamkia mtoto. Nimemwinamia mtu aliyezaliwa mimi nikiwa tayari natembea na kusema. Kila Jumatano kwa miaka minne, toa sikukuu na ile wiki niliyougua, zidisha mwenyewe ni shikamoo ngapi. Na yeye anazipokea tu! Marahaba, marahaba, hana haya!

Nilimtazama, kwa mara ya kwanza nadhani. Nikamuuliza huu mwaka ni wako kweli. Akasema ni wake, kwao wote wanaota mvi wakiwa na miaka thelathini, hata dada yao. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anaitikia. Nilitegemea aniombe radhi. Akasema, "Ningekataa, ungeniuliza kwa nini nimekataa. Sikuwa tayari kukwambia." Akachukua fomu yake akaondoka. Mashudu aliyasahau hapo hapo mlangoni.

Nilichukia siku nzima. Nilimsimulia Magdalena nikidhani atanisaidia kuchukia, kumbe nimempa sherehe. Akaniuliza, lini umewahi kumuona Hezekia na miwani? Nikafikiri. Sijawahi. Akaniuliza tena, kutoka Mkiwa hadi hapa kuna mashine ngapi za alizeti? Nikamwambia ziko Ikungi, ziko Puma, na hapo mjini ziko nyingi. Akasema, "Na zote zinatoa mashudu, dada, au ya kwako yana sukari?" Akaenda zake anaimba.

Jumatano iliyofuata alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia. Lakini mdomo una mazoea yake, nikasikia tu umesema shikamoo. Hakuitikia. Alivua kofia akasimama nayo mkononi, mashine inanguruma, Magdalena amejificha nyuma ya mapipa kama sijamuona. Akasema anataka kuleta watu nyumbani. Akasema hanitoi kwa Mama, ameshaulizia, na kama Mama atapenda kuhamia Mkiwa kipo chumba cha mbele chenye jua la asubuhi, kama hapendi yeye atakuwa anakuja. Sikumbuki nilishika nini mkononi, nadhani ni ufagio.

Halafu akasema hivi, naandika kama alivyosema. "Sitaki unijibu sasa. Nakupa wiki mbili. Jumatano ijayo sitakuja. Nikija ile ya pili, ukinipa shikamoo, nitaitikia marahaba, nitachukua gunia langu, na hutasikia neno hili tena kutoka kwangu. Ukinisalimia vingine, nitajua."

Jumatano hiyo ni mtondo, yaani siku tatu kutoka leo.

Angalia sasa alivyo mjanja. Yule Dikson wako alihitaji bwawa la kuogelea na keki. Huyu ameniwekea mtego kwenye salamu, kitu ambacho siwezi kukikwepa hata nikitaka, maana siwezi kukaa kimya mtu akiingia, nimelelewa. Na kitabu chako kimeniongezea ubaya. Nimekipekua kuona mtu wa makamo anamsalimiaje mwanaume ambaye jana alikuwa mzee na leo si mzee, nikakuta wanaulizana maegesho. Kurasa mia mbili sitini na nne hazina msaada wowote.

Nimejaribu kwa sauti, nyumbani, nikiwa nasugua sufuria. Habari za asubuhi, Hezekia. Inasikika kama namdai kitu. Hujambo, Hezekia. Hiyo ni ya mtoto wa shule. Mambo! Mama alicheka kutoka chumbani kwake, akauliza ni nani amekuja.

Naogopa, Yasinta. Unakumbuka Petro, yule mwalimu. Watu wake walikuja, ng'ombe wakasemwa, na mwezi huo huo Mama akaanguka uwanjani, akapooza, nikawa wa kumuuguza. Walisubiri mpaka mavuno, kisha tukasikia ameoa Manyoni. Kila mtu aliniuliza kama nimelia nikasema sikulia. Nililia sana, shambani, kwenye alizeti ambako hakuna anayekuona. Baadaye konda mmoja wa basi akaniamkia shikamoo nikiwa na miaka thelathini na sita. Nilitaka kumrukia, nikaitikia marahaba, na nikajua kwamba nimeshahesabiwa upande ule. Nikaanza kuwadharau wote. Wanaoolewa, wanaoachwa, wanaopendana kanisani kwa kupeana vitabu vya nyimbo. Dharau ilinifaa sana kwa miaka yote hiyo. Sasa mtu anakuja na gunia anataka niiache mlangoni, na sijui nikiiacha nitabaki na nini.

Na watu watasema. Agripina na miaka yake arobaini na nane, cha nini tena sasa. Nawajua kwa majina watakaosema, maana ningekuwa mimi ningekuwa wa kwanza kusema.

Naiacha barua hapa, sisemi imekwisha. Nitaimalizia nikijua nimesema nini.

Jumatano, 17 Septemba, alasiri.

Yasinta, nimerudi.

Usiku wa jana niliamua. Nitasema "Karibu, Hezekia." Fupi, ya heshima, haina umri. Nilivaa ile blauzi ya kijani, si kwa ajili yake, nyingine zilikuwa zimelowa. Nikaenda kazini mapema nikawasha mashine. Magdalena alikuja na kitenge kipya, sijui yeye alikuwa anaposwa na nani.

Saa nne na nusu nikasikia pikapu. Nikarudia moyoni, karibu Hezekia, karibu Hezekia. Akaingia. Hana kofia safari hii, kichwa cheupe kinang'aa, shati limepigwa pasi na mikunjo imesimama. Akasimama pale pale penye mizani, akaningojea. Nikafungua mdomo.

Na mdomo huu wa kijinga ukasema, "Shika..."

Nilijisikia mwenyewe. Nikaliona neno linatoka na siwezi kulirudisha. Miaka minne ya mazoea, haikunisikiliza. Yeye naye aliliona. Uso wake ulishuka, Yasinta, ulishuka hivi taratibu, na midomo ikaanza kujipanga kwa ajili ya ile marahaba yake. Na hapo ndipo nilipojua ninachotaka. Nilikijua kwa sababu kilikuwa kinaondoka.

"Shika gunia hili, Hezekia," nikasema. "Umesimama hapo kama mgeni."

Akaniangalia, nami sikuishia kwenye kola. Macho yake ni ya kahawia, kama unataka kujua. Akauliza, "Umesema nini?"

"Nimesema shika gunia. Au mikono nayo umeisahau nyumbani, pamoja na miwani?"

Akalishika. Hakulibeba, alilishika tu kwa mikono miwili amelikumbatia kifuani, gunia la kilo hamsini, mashudu yanammwagikia kwenye lile shati la pasi, na anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nami nikacheka. Nyuma ya mapipa Magdalena akapiga kigelegele, na mkanda wa mashine ukaruka tena.

Basi ndiyo hivyo. Mtu na akili zake anaanza maisha na gunia la mashudu kifuani, halafu mimi nimetumia kurasa tatu kuwasema watu wa kitabu.

Watu wake watakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Nimeshampigia mjomba Sostenes awapokee, amesema atakuja na koti. Mama nimemwambia leo mchana. Akauliza, "Anasalimia vizuri?" Nikamwambia huyo anaitikia zaidi ya kusalimia. Akasema aje, atamfundisha. Nataka uwepo, Yasinta. Omba ruhusa kazini, panda basi, na tafadhali usiniletee keki.

Nisalimie sana shemeji Benson, ukimsomea barua hii ruka pale kwenye blauzi. Mbusu Lucy kwa niaba yangu na mwambie mama mkubwa wake atamtumia asali. Wasalimie na majirani, hasa yule wa jino. Mama anasema Mungu awafunike nyote, awape mvua ya kutosha na usingizi usio na mawazo, na akulete salama kwenye kiti kitakachokuwa karibu na chake.

Wako akupendaye hata ninapokusema,

Dada yako,
Agripina.

Nimesahau. Kitabu sikirudishi. Kama huyo mwandishi ana kingine, kitume, nataka kuona kama amejifunza kusalimia. Na ukifika hapa Oktoba, wewe ni wa themanini na nne, kwa hiyo Hezekia ni mkubwa wako kihalali. Mpe shikamoo, na umpe kwa sauti. Amezoea kuitikia huyo, tusimwachishe zote kwa siku moja.